Uma wa Nusu Bei

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, wiki hii naomba tuzungumze juu ya kipande cha chuma. Si chuma cha reli wala cha daraja. Ni ule uma wa mbele wa baiskeli, unaoshika gurudumu, ambao mafundi wetu huuita foki. Utasema mzee huyu leo amekosa la kuzungumza. La hasha. Kipande hicho kimenigharimu fedha, kimenifanya nimkaripie mpwa wangu bila haki, na mwishowe kimenirudisha kwenye historia, ambako nilikuta kwamba kosa langu ni la zamani kuliko mimi.

Mpwa wangu huyo, mtoto wa dada yangu, anakaa Bigwa, pale mji wa Morogoro unapoanza kupanda Milima ya Uluguru. Kazi yake ni kushusha ndizi na mananasi kutoka mlimani hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu. Ana baiskeli ya gia ya mtumba, yenye magurudumu ya inchi 26, na nyuma amefunga keria ya nondo. Asubuhi moja ya masika, akiwa mteremkoni na mzigo wake, gurudumu la mbele liliingia kwenye mfereji uliochimbwa na maji ya mvua. Uma ukapinda. Kijana akaruka upande mmoja, mananasi upande mwingine. Mungu alisaidia, akaamka na michubuko tu.

Jioni alikuja kwangu akichechemea. "Shikamoo mjomba." Kwa Waluguru, neno mjomba halisemwi ili kupamba salamu. Ukoo wetu unafuata upande wa mama, na jambo la mpwa ni jambo la mjomba. Nilipoitikia marahaba, nilijua mkono wangu umekwisha kuingia mfukoni.

Lakini hakutaka uma wa kawaida. Alitaka uma wenye shokapu, zile springi zinazobonyea gurudumu linapogonga jiwe. Vijana wenzake walikuwa wamemwambia kwamba Dar es Salaam ziko za punguzo, nusu bei. Kwa kuwa nilikuwa na safari ya huko, aliniandikia namba fulani kwenye kipande cha karatasi, nikakitia mfuko wa shati. Nikapanda treni ya umeme, hii iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimesimama dukani.

Naam, uma ulikuwepo. Mweusi, unang'aa, umeandikwa herufi nyeupe. Bei ya zamani ilikuwa shilingi 180,000, imekatwa kwa kalamu nyekundu, chini yake imeandikwa 90,000. Ndugu msikilizaji, mstari ule wa kalamu nyekundu una uchawi. Mtu ambaye asubuhi hakuwa na haja ya kitu, mchana anajiona kama aliyeokota shilingi 90,000 barabarani. Sikuuliza lolote. Nililipa, nikarudi nyumbani nikiwa nimeukumbata uma wangu kama mtoto mchanga, na njia nzima nikitunga hotuba ya kumpa mpwa wangu juu ya faida ya kuweka akiba.

Kesho yake tulikwenda kwa fundi, mzee mwenzangu anayefanya kazi chini ya mwembe kule Mji Mpya. Aliugeuzageuza ule uma, akatoa futi kamba, akapima, akanyamaza. Kisha akasema, "Mzee mwenzangu, umenunua viatu kabla ya kupima mguu." Shingo ya uma, yaani lile bomba linalopanda ndani ya fremu hadi kwenye usukani, ilikuwa nyembamba juu na nene chini, na fremu ya kijana ilitaka bomba lililo sawa juu hadi chini. Ekseli yake ilikuwa ya milimita 15, na habu ya kijana ni ya milimita 9. Zaidi ya hayo, uma huo ulitengenezwa kwa gurudumu la inchi 29, tena kwa breki za diski, hauna hata mahali pa kufunga breki zinazobana ringi. Nikamgeukia mpwa wangu kwa hasira: mbona hukuniambia? Akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Mjomba, niliandika kwenye karatasi." Nikatia mkono mfukoni. Karatasi ilikuwamo, imekunjwa vilevile alivyonipa. Nilipiga simu dukani, nikajibiwa kwamba mali ikishatoka hairudi.

Usiku ule sikulala vizuri, na mtu asiyelala huanza kujiuliza maswali. Kwa nini kitu kizuri kiuzwe nusu bei? Na kwa nini kitu kizuri kisimfae mtu mwenye shida nacho? Ili kujibu, hapana budi turudi nyuma.

Baiskeli ya umbo tunalolijua leo, yenye magurudumu mawili yanayolingana na mnyororo unaosukuma la nyuma, ilitoka mjini Coventry, Uingereza, mwaka 1885, kazi ya John Kemp Starley. Ilikuwa na matairi ya mpira mgumu, na aliyeipanda alizijua mbavu zake. Miaka mitatu baadaye, 1888, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop, aliyekuwa akiishi Belfast, akapata hati ya tairi la upepo. Hiyo ndiyo shokapu ya kwanza ya baiskeli iliyoenea duniani: hewa iliyofungwa ndani ya mpira. Kwa miaka 100 iliyofuata wapanda baiskeli wengi hawakuwa na nyingine.

Hapa kwetu baiskeli ilikuja na wakoloni. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na bidhaa za Ulaya zikapata njia. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Jenerali Lettow-Vorbeck mwenyewe aliingia mji wa Tanga usiku kwa baiskeli, kuukagua kabla ya mapigano makubwa ya Novemba 1914. Lakini milima ni kitu kingine. Waingereza walipouteka mji wa Morogoro Agosti 1916, na majeshi yakaizunguka Uluguru kuelekea Kisaki, mzigo mkubwa wa vita ile ulikuwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Gurudumu lilishindwa pale mguu wa Mwafrika ulipopita. Tulikumbuke hilo, kwa maana mpaka leo akina mama wanashuka kutoka Uluguru na mikungu kichwani, na hawajasubiri shokapu.

Katika enzi ya Mwingereza zikatawala baiskeli za Raleigh, Humber na BSA. Wazee wenzangu watakumbuka Humber kwa uma wake wa ajabu, wenye mirija miwili kila upande badala ya mmoja. Mwenye Humber alikuwa mtu: mwalimu, karani, mnunuzi wa pamba. Na hapa nataka msikilizaji atege sikio. Kiwanda cha Raleigh cha Nottingham kilikata thredi, yaani ile mistari inayozunguka chuma pale nati inapokazwa, kwa kipimo chake chenyewe: mistari 26 katika kila inchi kwenye shingo ya uma. Viwanda vingine vingi vilikata mistari 24. Tofauti ni mistari miwili tu, jicho haliioni, lakini nati ya huyu haikai kwa yule. Mwenye Raleigh akivunjikiwa, hana budi kurudi kwa Raleigh. Kumbe hadithi ya uma usioingia si ya mwaka huu. Ilikuwepo babu zetu walipokuwa wakitembea na pampu ubavuni.

Baada ya Uhuru mambo yakageuka. China ilipotujengea reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa fedha zilizopatikana kwa kuuza bidhaa za Kichina nchini. Katika miaka hiyo jina la Phoenix ya Shanghai likawa jina la nyumbani. Nasi wenyewe, kupitia Kampuni ya Taifa ya Baiskeli, NABICO, tukaunda baiskeli yetu, tukaiita Swala. Phoenix na Swala zilikuwa nzito, za magurudumu makubwa, zenye uma wa chuma kitupu usio na springi. Vijana wa leo wanazicheka. Lakini mtu aliyabeba magunia, mke na mtoto kwa safari moja, na uma ukipinda, fundi aliunyoosha kwa moto na nyundo, safari ikaendelea.

Shida ilikuja vipuri vilipoadimika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 fedha za kigeni zilikuwa haba, na watu waliziweka baiskeli ukutani kwa kukosa tairi. Ndipo mwaka 1984 Serikali ikaruhusu wenye fedha zao nje waingize bidhaa bila kuulizwa walizipataje. Mlango ukafunguka, na katika enzi ya Ruksa iliyofuata ukawa wazi zaidi. Baada ya nguo za mitumba zikaja baiskeli za mitumba, kutoka Japani na Ulaya, na miongoni mwake zikawamo hizi za gia, zenye matairi manene ya inchi 26. Sisi tulizipokea kama baiskeli tu. Hatukujua kwamba nazo zina mlima wao.

Mlima huo ni Tamalpais, huko California, Marekani. Katika miaka ya 1970 vijana wa pale waliokota baiskeli kuukuu za miaka ya 1930, nzito, zenye matairi manene, wakaanza kushindana kuteremka mlima. Kuanzia 1976 waliendesha mbio zao katika njia waliyoiita Repack, kwa sababu breki za habu zilichemka hata grisi ikaungua, na kila baada ya kuteremka ilibidi kujaza grisi upya. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, akaunda fremu maalumu kwa kazi hiyo. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa baiskeli ya mlima ya kutengenezwa kwa wingi. Zote hizo zilikuwa na uma mgumu kama wa Swala.

Mtu aliyeleta mabadiliko ni Paul Turner, aliyepata kufanya kazi ya ufundi wa pikipiki za mashindano. Pikipiki zilikuwa na uma wa kubonyea wenye mafuta ndani tangu zamani, BMW ikiwa imeutoa kwa wingi mwaka 1935. Turner na wenzake wakaupunguza, wakaupa jina la RS-1, ukaingia sokoni mwaka 1989 kwa chapa ya RockShox. Ulibonyea chini ya sentimita tano. Mwaka 1990 yalifanyika mashindano rasmi ya kwanza ya dunia ya baiskeli za milimani, Durango, Colorado, na mshindi wa mbio za kuteremka, Greg Herbold, alikuwa na uma wa aina hiyo. Baada ya hapo kila kijana wa Ulaya na Marekani akautaka. Mwaka 1996 mchezo huo ukaingia Olimpiki ya Atlanta.

Sasa tufike kwenye ile kalamu nyekundu. Viwanda, ndugu msikilizaji, haviishi kwa kuuza kitu kimoja mara moja. Katika miaka ya 2000 wakaleta gurudumu la inchi 29, wakasema linapita juu ya mawe kwa wepesi zaidi, na kwa hakika si uongo. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2010 likaja la inchi 27 na nusu, likakaa katikati. Katika muda mfupi tu, gurudumu la 26, lililotawala tangu enzi za Tamalpais, likaondolewa kwenye baiskeli nyingi za bei kubwa. Shingo ya uma iliyokuwa sawa, ya inchi moja na moja ya nane, ikafuatwa na ile inayonenepa chini hadi inchi moja na nusu. Ekseli nyembamba ya milimita 9 ikafuatwa na ya milimita 15. Kila kipimo kilipobadilika, ghala zilibaki na uma wazima kabisa, ambao kosa lao lilikuwa moja: wameachwa. Ghala likijaa, bei inashuka.

Hiyo ndiyo siri ya punguzo. Mara nyingi kitu cha nusu bei si kibovu, ila kipimo chake kimehamwa na wenyewe. Kwa hiyo swali la mnunuzi haliwi "wamepunguza kiasi gani?" bali "kipimo walichokiacha ndicho changu?" Kwa mpwa wangu na maelfu wenye baiskeli za mitumba za inchi 26, jibu laweza kuwa ndiyo, na hapo punguzo ni neema ya kweli. Kwa uma nilioununua mimi, jibu lilikuwa hapana mara nne.

Watu wa Morogoro tunayo sababu ya pekee ya kulielewa hili. Miaka ya 1950 Serikali ya kikoloni ilileta Uluguru mpango wa kutumia ardhi, watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Nia ya kuokoa udongo ilikuwa njema, na matuta ya namna hiyo yamefaa katika milima mingine. Lakini hapa jasho lilikuwa jingi, na mahali pengi kuchimba kulileta juu udongo usio na rutuba. Mwaka 1955 watu wakachachamaa, Matombo damu ikamwagika, na mpango ukaachwa. Tuta lilikuwa zuri, mlima ulikuwa mzuri, lakini hakuna aliyepima kwanza kama vinaelewana. Mimi, mjukuu wa wale waliochimba, nimekwenda kununua uma kwa namna ileile, na wala hakuna bwana shauri aliyenilazimisha.

Hivyo basi, kwa faida ya msikilizaji mwenye kijana, niseme aliyonifundisha fundi. Kabla ya kuuliza bei, tazama ubavu wa tairi lako. Zikiandikwa namba zinazoishia na 559, hilo ni gurudumu la inchi 26 la baiskeli ya mlima. 584 ni la 27 na nusu, 622 ni la 29. Phoenix ya inchi 28 ni 635, na uma wa baiskeli ya mlima haukutengenezwa kwa ajili yake. Pima unene wa shingo ya uma wa zamani, na urefu wake, maana shingo ndefu hukatwa lakini fupi hairefushwi. Tazama kama imekatwa thredi au ni laini. Tazama breki zako zinabana ringi au diski, na ekseli ni ya unene gani. Usichukue uma mrefu kuliko ule fremu iliyoundiwa, kwa kuwa utainua kichwa cha baiskeli na kuikaza fremu mahali isipotazamiwa. Na kama ni uma uliotumika, futa mirija yake kwa kitambaa, utafute mikwaruzo, mafuta yanayovuja na nyufa. Ubonyeze kwa uzito wako wote. Ukibonyea na kurudi taratibu, una uhai. Ukigonga na kukwama, uache hapohapo hata ukiuzwa robo bei.

La mwisho, jiulize unabeba nini. Uma wa shokapu uliundiwa mtu mmoja anayecheza na mlima. Mwenye mzigo akifunga breki mteremkoni, uzito wote hukimbilia mbele, na springi dhaifu huzama wakati uleule anaouhitaji usimame. Tena ule wa bei ya chini kabisa huwa mzito, wengine zaidi ya kilo mbili, na faida yake ni ndogo. Ukivunjika pale juu ya Bigwa, fedha ulizookoa hazitatosha hata nauli ya kukupeleka hospitali.

Fundi wetu alitafuta katika rundo la vyuma nyuma ya mwembe, akatoa uma wa chuma kitupu uliotoka kwenye baiskeli nyingine ya mtumba, wa inchi 26, shingo sawasawa. Bei yake ilikuwa shilingi 15,000. Mpwa wangu aliutazama kama mtoto aliyeahidiwa pilau akaletewa ugali, lakini hakusema neno. Nami sikutoa ile hotuba ya akiba. Nilimwomba radhi kwa kumkaripia, jambo ambalo wajomba hatulifanyi mara nyingi. Wiki mbili baadaye alikuja asubuhi na mkungu wa ndizi, akautua barazani. "Mjomba," akasema, "haiyumbi."

Na ule uma wangu mweusi wa nusu bei? Umetundikwa msumarini kwenye ule mwembe wa Mji Mpya, unang'aa vilevile. Vijana wakipita husimama, wakaushika, wakauliza bei yake. Fundi hajibu bei. Anavuta futi kamba yake, anawaambia, "Leteni kwanza baiskeli."